Queenie Newall: dhahabu ya upinde akiwa na miaka 53

Swali

"Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa mwisho alinionyesha kwenye simu picha ya bibi wa Kizungu, kofia pana kichwani, sketi inafagia majani, upinde mkononi. Maelezo yanasema alishinda dhahabu ya Olimpiki akiwa na miaka 53. Mimi nina 52 na magoti yananilia nikipanda ngazi za benki. Je, ni kweli, au ni yale ya mitandaoni? Wanangu wanacheka, wanasema hao walikuwa matajiri wakijichezea bustanini, wala hakukuwa na mashindano. Naomba unieleze alikuwa nani, na alimshinda nani hasa." – Mama wa watoto wanne, Tanga

Jibu

Marahaba, mama. Umri huo ni wa kweli. Huyo ni Sybil Fenton Newall, ambaye watu wake walimwita Queenie, na alishinda dhahabu ya upinde kwa wanawake mjini London, Julai 1908, akiwa na miaka 53 na miezi tisa. Ilikuwa medali ya mtu mmoja mmoja, si ya timu. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa umri wake aliyeshinda dhahabu ya peke yake katika Olimpiki.

Hao wanao, hata hivyo, usiwafukuze mezani. Hoja wanayo, ila wameishika mkiani. Ni kweli walikuwa watu wenye nafasi, na ni kweli mchezo wenyewe ulilelewa bustanini. Lakini anayesema hapakuwa na mashindano hajaiona karatasi ya alama. Nitakuja nayo. Kwanza tumjue mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1854 katika nyumba iliyoitwa Hare Hill, Littleborough, mji mdogo jirani na Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Aliyewahi kusoma ushirika pale Moshi atalikumbuka jina la Rochdale: ndiko wafumaji na mafundi wenye hali ngumu walikofungua duka lao la pamoja mwaka 1844, na vyama vyetu vya kahawa na pamba bado hufundishwa historia yao kuanzia kwenye duka hilo. Queenie alizaliwa miaka kumi baadaye, mwendo wa miguu kutoka hapo, lakini ng'ambo ya pili ya maisha. Baba yake alikuwa Henry Newall, mama yake Maria Fenton, na babu yake mzaa mama, John Fenton, ndiye aliyekuwa mbunge wa kwanza wa Rochdale. Nyumba kama hiyo haikuuliza bei ya unga.

Huku kwetu ukitaja upinde, mtu anawaza Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, au Waata wa Tsavo waliokuwa wakivuta pinde zenye uzito wa kuvuta wa ratili mia na zaidi (ratili moja ni karibu nusu kilo) kumwangusha tembo. Na upinde huo ni wa mwanamume. Mwanamke wa Kihadzabe anashika mti wa kuchimbia mizizi. Uingereza mambo yaligeuka. Jeshi la huko liliacha upinde mwishoni mwa karne ya 16, bunduki ikachukua nafasi yake. Kitu kisicho na kazi tena vitani huweza kuwa mchezo, na mchezo wa watu wenye mashamba makubwa na majani yaliyokatwa vizuri ukawakaribisha wanawake mapema kuliko michezo mingine. Klabu ya Royal British Bowmen ilianza kupokea wanawake mwaka 1787. Mashindano makuu ya taifa yalianza York mwaka 1844, na mwaka uliofuata tu wanawake nao walikuwa kwenye mstari.

Kwa nini upinde na si mbio? Kwa sababu mpiga upinde anasimama wima. Hakimbii, haruki, sketi haipandi, na jasho likimtoka halionekani sana. Wanaume waliokuwa wakiendesha michezo ya enzi zile, Pierre de Coubertin mwenyewe aliyeifufua Olimpiki akiwa mmojawapo, hawakupenda kuwaona wanawake uwanjani. Upinde ulipita mlangoni kwa kuwa ulionekana wa heshima, kama kupiga kinanda sebuleni. Matokeo yake ni kwamba mwaka 1908 zaidi ya nusu ya wanawake wote walioshiriki Olimpiki ya London walikuwa wapiga upinde. Walikuwa 25. Hesabu hiyo inanifurahisha kila nikiikumbuka, maana leo ukimuuliza mtu mchezo gani ulifungulia wanawake njia ya Olimpiki atakutajia tenisi au kuogelea, upinde hautamjia akilini.

Wote 25 walikuwa Waingereza. Hapo wanao wana haki ya kucheka kidogo. Upande wa wanaume walikuja Wafaransa na Mmarekani mmoja, Henry Richardson, aliyeondoka na shaba. Upande wa wanawake hakuja mgeni hata mmoja. Ilikuwa Olimpiki kwa jina, ubingwa wa nyumbani kwa sura. Pamoja nao alikuwepo Beatrice Hill-Lowe, mzaliwa wa Ardee huko Ireland, lakini Ireland wakati huo ilikuwa bado chini ya taji la Uingereza, kwa hiyo naye akahesabiwa humo humo.

Queenie aliingia klabu ya Cheltenham Archers mwaka 1905, akiwa na miaka 50. Nakutajia mwaka huo kwa makusudi, na nitaurudia mwishoni.

Sasa twende uwanjani. Ulikuwa uwanja mpya wa White City, magharibi mwa London, uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki hiyo katika eneo la maonyesho makubwa ya Uingereza na Ufaransa na uliochukua watu wapatao 68,000. Michezo yenyewe ilipangwa kufanyika Roma. Waitaliano wakajitoa baada ya mlima Vesuvius kulipuka mwaka 1906. Ndani ya uwanja huo mmoja walibana njia ya kukimbilia, njia ya baiskeli iliyoizunguka hiyo ya kwanza, na katikati, kwenye majani, bwawa la kuogelea lenye urefu wa mita 100. Shabaha za mishale zilisimamishwa humo humo, Ijumaa ya tarehe 17 na Jumamosi ya tarehe 18 Julai.

Wanawake walipiga mzunguko ulioitwa National, mara mbili, siku moja kila mmoja. Kila siku mishale 48 kutoka yadi 60, kisha 24 kutoka yadi 50. Yadi ni ile ile unayopimiwa kitambaa dukani. Yadi 60 ni karibu mita 55, yaani mwanzo hadi zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Jumla ya siku mbili ni mishale 144. Shabaha ilikuwa duara la nyasi kavu zilizosokotwa, upana wa sentimita 122, likavikwa turubai lililopakwa rangi: kati dhahabu, alama 9; nyekundu 7; buluu 5; nyeusi 3; nyeupe ya ukingoni 1. Mshale ukienda majanini, sifuri.

Na upinde wenyewe, mama, usifikirie hizi za sasa zenye vyuma vya kutuliza mkono na kidude cha kulengea. Ulikuwa mti. Ubao mmoja au miwili iliyounganishwa, mrefu karibu sawa na mpigaji, mpini umefungwa kitambaa au ngozi, ugwe wa kusokotwa. Hauna pahali pa kuupumzishia mshale. Mshale unalala juu ya ngumi yako. Ukiachia ugwe, mshale hauendi moja kwa moja kama watu wanavyodhani. Unapinda, unauzunguka mti wa upinde kama nyoka anayekwepa kisiki, kisha unanyooka angani. Kama mshale mmoja ni mgumu kidogo kuliko mwenzake, utakwenda kushoto hata kama mkono wako haukukosea. Kwa hiyo mpigaji hodari wa zama hizo alijua mishale yake mmoja mmoja, kama mama anavyojua watoto wake kwa kikohozi usiku.

Pinde za wanawake kwa kawaida zilikuwa za ratili 25 hadi 30. Tuseme kilo 12. Vuta kilo 12 mara 72 kwa siku moja. Hiyo ni kilo 864, karibu tani, kwa vidole vitatu na misuli ya mgongo, ndani ya koseti iliyokubana kifua na kiuno. Kesho yake rudia. Wanao wajaribu kuvuta ndoo ya lita 12 kwa vidole vitatu mara 72, wakisimama kila mara na kutulia hesabu ya tatu, halafu waje waniambie habari za kujichezea.

Siku ya kwanza mvua ilinyesha. Mvua kwa mpiga upinde wa mti ni adui kwa namna tatu: manyoya ya nyuma ya mshale yanalowa na kulala, mshale unashuka kabla ya wakati, ugwe unakunywa maji na kuwa mzito, na vidole vinateleza pale pale panapohitaji kuachia kwa ulaini. Jioni ilipofika, aliyeongoza hakuwa Queenie. Alikuwa Charlotte Dod, maarufu kama Lottie, mwenye alama 348. Queenie alikuwa na 338.

Nasimama hapa kwa Lottie Dod, kwa sababu swali lako la mwisho, "alimshinda nani hasa", jibu lake ni huyu.

Alikuwa na miaka 36. Baba yake alitajirikia kwenye biashara ya pamba, akawaachia watoto nyumba yenye viwanja vya tenisi na uhuru wa kutofanya kazi maishani mwao. Wengine wangeoza kwa uhuru kama huo. Lottie aliutumia. Mwaka 1887 alitwaa ubingwa wa tenisi wa Wimbledon akiwa na miaka 15, na hadi leo hakuna msichana mdogo kuliko yeye aliyeutwaa kwa mchezaji mmoja mmoja. Fainali ilikwisha 6–2, 6–0. Kwa kuwa alikuwa bado wa umri wa shule, aliruhusiwa sketi fupi kidogo, inayoishia kwenye mashavu ya miguu, na wapinzani wake waliovaa mpaka chini walikuwa na la kusema juu ya hilo. Lakini alipokua na sketi yake ikarefuka aliendelea kuwachapa: ubingwa mara tano kwa jumla, na katika fainali zote tano aliyelia ni yule yule, Blanche Bingley, ambaye baadaye aliitwa Hillyard.

Alipoichoka tenisi akaiacha, akiwa na miaka 21 tu. Akaenda Uswisi, akateleza kwenye barafu, akapanda milima pamoja na kaka yake Tony. Akarudi akacheza mpira wa magongo, akaichezea timu ya taifa ya England mwaka 1899 na 1900. Akashika gofu, na mwaka 1904 akawa bingwa wa wanawake wa Uingereza huko Troon, Scotland. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuwa bingwa wa nchi hiyo kwa tenisi na gofu. Upinde ulikuja mwisho, baada ya ndugu hao kuhamia Newbury na kujiunga na Welford Park Archers. Kaka mwingine, William, alishinda dhahabu ya wanaume katika Olimpiki hiyo hiyo ya 1908. Familia ilitamba kwamba babu yao wa kale alipigana kwa upinde katika vita vya kale vya Agincourt huko Ufaransa. Kila familia ya Kiingereza yenye upinde ukutani ilikuwa na babu wa namna hiyo, kwa hiyo mimi hilo nalipokea kwa tabasamu.

Basi huyo ndiye aliyekuwa mbele kwa alama kumi usiku wa Ijumaa. Mwanamichezo bora wa kike wa zama zake, mdogo kwa Queenie kwa miaka 17.

Jumamosi Lottie alipata 294. Queenie alipata 350.

Ukizijumlisha: Newall 688, Dod 642, na Hill-Lowe wa Ireland wa tatu kwa 618. Lakini jumla hainivutii kama ule mwachano wa siku moja na nyingine. Queenie alitoka 338 akaenda 350. Tofauti ya alama 12 katika mishale 72. Lottie alitoka 348 akaanguka hadi 294. Alama 54 zimekwenda na upepo. Gawanya kwa mshale: siku ya pili Queenie alikuwa akipata wastani wa karibu alama 4.9 kwa kila mshale, ile iliyokosa shabaha ikiwemo, wakati Lottie alikuwa na 4.1. Kwa macho ya mtazamaji wa mbali hungeona tofauti. Mmoja mishale yake inazunguka buluu na nyekundu, mwingine anachanganya buluu na nyeusi. Ni upana wa kiganja. Lakini kiganja mara 72 ni dhahabu na fedha.

Nimewafundisha vijana wengi kupiga upinde, na kosa la wenye vipaji ni lile lile kila mwaka. Mtu aliyezoea mpira au mbio anapiga vizuri akiwa na moto moyoni, na moto ukizima anapiga vibaya. Upinde hautaki moto. Unataka mshale wa 140 ufanane na wa nne: kidevu pale pale, kiwiko pale pale, pumzi ile ile. Watu wazima huliweza hilo haraka kuliko vijana, kwa sababu wameshafanya mambo yale yale mara elfu, wakiwa wamechoka, bila mtu wa kuwashangilia. Sisemi kwamba ndivyo Lottie alivyoshindwa siku ile. Nasema ukiniletea karatasi hizo mbili bila majina, nitakuambia ipi ni ya mtu wa miaka hamsini na kitu.

Sasa nirudi kwa wanao, maana kuna jambo lingewafaa kama wangelijua, nami sitalificha.

Mpiga upinde bora wa Uingereza hakuwepo uwanjani.

Aliitwa Alice Legh. Kati ya 1881 na 1922 alikuwa bingwa wa taifa mara 23. Mama yake naye alikuwa bingwa kabla yake, na kuna miaka binti alikosa taji kwa sababu mama alikuwa hajaamua kupumzika. Mwaka 1908 Alice alikataa kwenda White City. Ubingwa wa taifa ulikuwa wiki iliyofuata na yeye alikuwa mtetezi wa taji. Akaona heri ajitunze kwa ajili ya kilicho kikubwa. Hebu litazame hilo: kwake kikubwa kilikuwa ubingwa wa taifa, na Olimpiki kitu cha pembeni. Wiki hiyo wakakutana, Alice na Queenie mwenye dhahabu yake mpya. Alice alimshinda kwa alama 151.

Ni pigo zito. Lakini medali haigawiwi kwa barua. Alice alialikwa, akachagua. Queenie alikuja, akapigwa na mvua, akawa nyuma, akageuza. Na haikuishia kwamba alibahatika wikiendi moja. Mwaka 1911 alitwaa huo ubingwa wa taifa wenyewe, na 1912 akautwaa tena, akiwa na miaka 57. Mtu wa bahati moja hafanyi hivyo.

Kipimo kingine kipo nje ya Uingereza. Olimpiki ya 1904, St. Louis, Marekani, nayo ilikuwa na upinde wa wanawake, na nayo walishiriki wenyeji watupu. Aliyetawala ni Lida Howell wa Ohio, bingwa wa Marekani mara 17 kati ya 1883 na 1907. Alishinda mzunguko ule ule wa National, uliopigwa mara mbili, yadi zile zile, mishale ile ile 144, kwa alama 620. Queenie alipata 688. Viwanja tofauti, hali ya hewa tofauti, sawa. Hata hivyo alama 68 si za kupuuzwa, na Howell hakuwa mtu wa kubahatisha. Baba yake Howell, Thomas Scott, alishiriki upande wa wanaume siku hizo hizo akiwa na miaka 71. Na kwenye timu ya Howell iliyochukua dhahabu alikuwemo Eliza Pollock, miaka 63. Ndiyo maana nilisema mwanzoni "dhahabu ya peke yake": kwa timu Pollock anampita Queenie, na hata Isabell Werth wa Ujerumani, mpanda farasi, alipata dhahabu ya timu Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 55. Peke yako mbele ya shabaha, Queenie bado yuko juu.

Baada ya London, upinde ulirudi Olimpiki mara moja tu, Antwerp 1920, bila wanawake. Kila nchi ilikuwa na mizunguko yake, yadi zake na mita zake, na mwenyeji alipanga anavyotaka. Mgeni angefanyaje mazoezi? Mchezo ukatolewa. Ulirudi Munich mwaka 1972 ukiwa na kanuni moja ya dunia nzima, na mwanamke wa kwanza kushinda safari hiyo, Doreen Wilber wa Marekani, alikuwa na miaka 42. Umri tena. Mwaka 1984 Neroli Fairhall wa New Zealand alishindana akiwa kwenye kiti cha magurudumu, pamoja na waliosimama, kwa kanuni zile zile. Na mwaka 2016 mpiga upinde wa hapa jirani, Shehzana Anwar, ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Rio. Wengi waliotazama walidhani ni mkimbiaji.

Queenie alifariki tarehe 24 Juni 1929 huko Clifton, Bristol, akiwa na miaka 74. Nchini mwake wanawake walikuwa wamepata haki ya kupiga kura kwa masharti sawa na wanaume mwaka mmoja tu kabla. Hakuna mwanamke mwingine wa Uingereza aliyeshinda dhahabu ya upinde katika Olimpiki baada yake. Lottie Dod aliishi mpaka 1960. Hakuolewa, alifanya kazi katika hospitali ya Msalaba Mwekundu wakati wa vita vya kwanza, aliimba kwaya, na alikata roho kitandani Juni ile akisikiliza Wimbledon redioni.

Kuhusu matajiri, basi, waambie wanao hivi: utajiri ulimpa Queenie muda, uwanja, na mtu wa kumfulia sketi. Wafumaji wa Rochdale walikuwa na mabinti wenye macho makali kama yake, na hakuna hata mmoja aliyeonekana White City. Hilo ni doa la mchezo, na ni kubwa. Ila utajiri haukumsogezea shabaha.

Umeniambia una miaka 52, nami nilikuahidi kurudi kwenye mwaka 1905. Hukuniuliza kama unaweza kuanza, lakini mtu hataji magoti yake bure. Unaweza. Usianze na upinde wa ratili 25; tafuta wa ratili 16 au 18, wa kufundishia, na shabaha hatua kumi mbele yako, si yadi 60. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, vuta kwa mgongo na si kwa mkono, ugwe uguse kidevu, halafu usiuachie kwa kuurusha. Acha vidole vilegee tu. Vaa kinga ya ngozi mkono wa kushoto, kama unatumia wa kulia kuvuta, vinginevyo ugwe utakuchapa na wanao watapata la kucheka jioni. Wiki mbili za kwanza yatauma mabega, si magoti. Magoti hayatakudai kitu mpaka wakati wa kwenda kuokota mishale, na hiyo kazi una watoto wanne.